Bwaise: Pazuri pa kuuzia, pabaya pa kulaza mali

Msimu wa mvua unapokaribia Kampala, swali moja huwarudia wafanyabiashara wanaopitisha mizigo kati ya Malaba, Busia, Mutukula na Elegu: je, Bwaise ni mahali pa kukodi stoo, kupanga nyumba ya familia, au hata kununua kiwanja na kuanza maisha?

Swali hilo si dogo. Mfanyabiashara mdogo wa mpakani hana bima ya mzigo, na akiba yake benki ni haba. Mtaji wake ni magunia, marobota ya mitumba na katoni zilizopangwa sakafuni. Maji yakiingia usiku mmoja, kinacholowa ni karo ya watoto, deni la chama na safari inayofuata.

Ukipima Bwaise kwa vigezo ambavyo mtu mwenye tahadhari hutumia kuchagua makazi, yaani mwinuko wa ardhi, maji, chakula, tiba, barabara na haki ya ardhi, majibu yanatofautiana sana. Kwa biashara ya mchana, ni vigumu kupata pengine panapokaribia Bwaise kwa pango la chini na njia nyingi. Kwa kulaza mali na familia, hasa katika parokia ya Bwaise III, hali ni nyingine kabisa.

NJIA PANDA YA BIASHARA

Bwaise iko kaskazini mwa katikati ya jiji, katika Divisheni ya Kawempe, umbali wa kilomita chache tu. Barabara ya Bombo inapita hapo kuelekea Matugga, Bombo, Luweero, Karuma, Gulu na hatimaye Elegu, lango la Sudan Kusini. Barabara ya Northern Bypass, yenye urefu wa kilomita 21 na iliyofunguliwa mwaka 2009, inapita papo hapo ikiunganisha Bweyogerere upande wa mashariki na Busega upande wa magharibi.

Maana yake kwa mwenye lori ni rahisi. Mzigo uliotoka Malaba au Busia hufika Bwaise bila kuingia katikati ya jiji. Mzigo unaokwenda Masaka, na kutoka huko Mutukula au Katuna, hutoka kwa njia hiyo hiyo. Anayepeleka bidhaa Juba yuko tayari kwenye barabara yake. Soko la vyakula la Kalerwe liko jirani, na mafundi seremala na wachomeleaji wamejaa kando ya barabara.

Kodi ya chumba au stoo bondeni huwa nafuu kuliko mlimani. Wenyeji wanaoishi humo hawakosi akili. Wanajua maji yanakuja, lakini wanapiga hesabu ya nauli, ya wateja na ya pango, na mara nyingi hesabu hiyo inawabakisha bondeni. Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza mwezi wa Januari au Julai, wakati mitaro imekauka, huona unafuu wa pango peke yake. Upande wa pili wa hesabu hiyo ataujua mvua zikianza.

MAJI YANAKOTOKA

Kampala ni jiji la vilima na mabonde. Zamani mabonde hayo yalikuwa ardhi oevu yenye mafunjo, iliyopokea maji ya mvua na kuyaachia polepole. Bwaise iko katika bonde mojawapo, kwenye mfumo wa Nsooba na Lubigi. Maji ya mfumo huo hayaendi Ziwa Victoria, kama wengi wanavyodhani. Huelekea upande wa pili, kaskazini-magharibi, hadi mto Mayanja na baadaye Kafu.

Mvua za Kampala zina misimu miwili mikubwa: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Desemba. Mara nyingi huwa kali na za muda mfupi. Inaponyesha Makerere, Mulago na Kyebando, maji hukimbia juu ya mabati, lami na zege badala ya kuzama ardhini, nayo hufika Bwaise kwa pamoja. Ndiyo sababu mtu anaweza kuona mafuriko mlangoni kwake ilhali mvua ya mtaani kwake ilikuwa ya kawaida.

Tathmini ya mafuriko ya Kampala iliyofanywa kwa ajili ya UN-Habitat mwaka 2013, ikiangazia eneo la juu la bonde la Lubigi, ilionyesha mambo yanayofanya kazi pamoja: ujenzi unaoongeza maji yanayotiririka, makalavati yasiyotosha, na mitaro inayojaa udongo na taka. Jambo moja likirekebishwa na mengine yakaachwa, maji hutafuta njia nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mfereji mkuu wa Lubigi ulipanuliwa chini ya mradi wa KIIDP uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Hali ilipata nafuu, hasa kwa walio karibu na mfereji huo. Lakini mitaro midogo inayopita katikati ya nyumba ndiyo inayopeleka maji kwenye mfereji mkuu, na hiyo ikiziba, mfereji mpana hauwasaidii wakazi wa vichochoroni.

Suala la taka linazidisha tatizo. Agosti 10, 2024, jalala la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala tangu miaka ya 1990, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Jiji lenye wakazi karibu milioni 1.8 kwa sensa ya 2024 likakosa ghafla jalala lake kuu. Taka zisipozolewa mtaani, mvua huzisukuma hadi kwenye mtaro, na mtaro hufunga. Machi 26, 2025, mvua kubwa iliyopiga Kampala ilisababisha mafuriko yaliyoua watu wasiopungua 7 na kukatiza biashara katika sehemu nyingi za jiji, si Bwaise peke yake.

STOO: ADUI YUKO SAKAFUNI

Chukua mfano wa mfanyabiashara mwenye magunia 100 ya mahindi yaliyopangwa safu 5 kwenda juu. Safu ya chini ina magunia 20. Maji yakipanda futi moja tu na kukaa saa chache, sehemu ya tano ya mtaji imelowa. Hasara hiyo haiishii kwenye magunia 20, kwa kuwa unyevu hupanda na joto la stoo iliyofungwa hukamilisha kazi.

Hapo ndipo mafuriko ya Bwaise yanapofika hadi mpakani. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu yote isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi yaliyolowa yanaweza kuanikwa yakaonekana makavu, lakini sumukuvu haiondoki kwa jua. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, kabla ya kuruhusu tena kwa masharti. Mwaka 2023 malori ya nafaka kutoka Uganda yalikwama upande wa Sudan Kusini kwa madai kama hayo. Mwenye kuchanganya magunia yaliyolowa na makavu anahatarisha mzigo mzima kwenye maabara ya mpakani, na hatimaye jina lake kwa wanunuzi.

Wenye kadi ya njano ya COMESA wakumbuke kwamba kadi hiyo ni bima ya gari kwa madhara yanayompata mtu mwingine barabarani. Haifidii mzigo ulioloa ndani ya stoo.

MAJI YA KUNYWA, CHOO NA CHAKULA

Kigezo cha pili cha makazi ni maji safi wakati mambo yameharibika. Bwaise ina mabomba ya shirika la maji la taifa, NWSC, ambalo huvuta maji kutoka Ziwa Victoria. Bomba likikatika, wengi hukimbilia chemchemi. Hapo pana hatari. Maji ya ardhini Bwaise III yako karibu sana na uso wa ardhi, katika sehemu nyingi chini ya mita 1.5, kiasi kwamba vyoo vya shimo hujengwa vikiwa vimeinuliwa kwa ngazi. Mafuriko yanapopita, yaliyomo chooni na yaliyomo kwenye chemchemi hukutana. Uchunguzi wa chemchemi za eneo hilo umewahi kukuta vijidudu vya kinyesi mara kwa mara. Mlipuko wa kipindupindu wa 1997 na 1998, uliokuja na mvua za El Niño, uliumiza mitaa ya mabondeni ya Kampala kuliko ya vilimani.

Kwa chakula, jibu lina pande mbili. Mkazi wa Bwaise yuko hatua chache kutoka Kalerwe, kwa hiyo katika siku za kawaida hakosi ndizi, viazi wala mboga. Lakini Kalerwe nayo iko bondeni, na siku ya mafuriko makubwa soko na mteja hukwama pamoja. Magimbi na mboga zinazolimwa kwenye ardhi oevu ya Lubigi hustawi vizuri, ila hunywa maji yaliyopita kwenye mitaro ya mjini. Anayetaka bustani ya nyumbani ni heri alime kwenye magunia au makopo yenye udongo ulioletwa kutoka juu. Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, ina kituo cha mafunzo ya kilimo cha mjini huko Kyanja, ambako ufugaji wa kuku na upandaji wa mboga kwenye nafasi ndogo hufundishwa.

Kwa tiba Bwaise inapata alama nzuri. Hospitali ya rufaa ya Mulago haiko mbali, na hospitali ya rufaa ya Kawempe, inayojulikana zaidi kwa huduma za uzazi, iko kwenye barabara hiyo hiyo ya Bombo. Swali linabaki moja: je, boda boda inaweza kutoka kichochoroni saa nane za usiku wakati mtaro umepotea chini ya maji?

ARDHI: MGENI ANAWEZA KUPATA NINI?

Sehemu hii imewapotezea wageni fedha nyingi, na inastahili kusomwa polepole.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama uhuru wa kusafiri, kufanya kazi na kuanzisha biashara. Lakini Ibara ya 15 ya itifaki hiyo hiyo inasema umilikaji na matumizi ya ardhi na majengo yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa lugha nyingine, Mkenya, Mtanzania, Mrwanda au Mkongo anapovuka kuingia Uganda, katika suala la ardhi bado ni mgeni.

Katiba ya Uganda ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinamruhusu asiye raia kupata ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Hawezi kumiliki ardhi ya mailo wala ya umiliki huru. Kampuni ambayo wageni ndio wenye hisa nyingi nayo huhesabiwa kuwa mgeni, kwa hiyo kusajili kampuni si njia ya kukwepa.

Kampala iko Buganda, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900. Juu ya ardhi ya mailo ya mtu mmoja wanaweza kuishi watu wengi wenye vibanja, wanaolipa busuulu kwa mwenye ardhi. Dalali anaposema anauza kiwanja Bwaise, mara nyingi anachouza ni kibanja. Makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa LC1 ni ushahidi wa mauziano, lakini si hati miliki, na mwenye ardhi ya mailo asipotoa ridhaa, mnunuzi ana karatasi na ugomvi. Kwa mgeni tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu kibanja si ukodishaji.

Juu ya hayo yote kuna suala la ardhi oevu. Ibara ya 237 ya Katiba inaweka mito, maziwa na ardhi oevu chini ya dhamana ya serikali kwa manufaa ya wananchi wote. Juni 2024, mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba nyingi zilizojengwa katika ardhi oevu ya Lubigi. Wengi wa waliovunjiwa walikuwa wamelipa fedha, wamejenga na kuishi humo. Risiti haikuzuia tingatinga.

Kwa hiyo mfanyabiashara mgeni anayetaka kukaa Bwaise apange, asinunue. Na anayetaka kukodi ardhi kwa muda mrefu popote Kampala, ahakikishe kwanza hati katika ofisi ya ardhi ya kanda, mpaka wa kiwanja kwa mpima ardhi, na hali ya ardhi oevu kwa NEMA. Gharama ya wakili ni ndogo kuliko bei ya nyumba iliyovunjwa.

PANDA KIDOGO, USIENDE MBALI

Habari njema ni kwamba kuepuka maji hakuhitaji kuhama Kampala. Katika jiji la vilima, mwinuko wa mita chache ndio unaotenganisha stoo kavu na stoo iliyolowa. Miteremko ya Kanyanya na Kyebando iko karibu, na kuelekea kaskazini barabara ya Bombo inapanda hadi Kawempe, Maganjo na Matugga. Mtu anaweza kubaki na meza au duka Bwaise, akalaza mzigo mlimani na kuushusha kila asubuhi kiasi cha kuuza siku hiyo. Boda boda au kigari cha kusukuma kitaongeza gharama, lakini gharama hiyo inajulikana mapema. Ile ya mafuriko haijulikani.

Wanaotafuta shamba dogo la kuishi na kulima watasogea mbali zaidi, upande wa Bombo na Luweero, ambako kuna nafasi ya ndizi, mahindi na mifugo, na lori la Elegu linapita mlangoni. Hata huko kila kijiji kina bonde lake. Kuwa mbali na Bwaise pekee si kinga.

Barabara za mipakani zimefundisha somo hilo. Mei 2023 maji yalisomba barabara kwenye daraja la Katonga, na magari ya Masaka, Mutukula na Katuna yakalazimika kuzunguka kupitia Gomba na Sembabule. Elegu yenyewe imefurika zaidi ya mara moja mto Unyama ulipovunja kingo zake. Mei 2020 mto Nyamwamba ulileta maafa Kasese, mji ulio kwenye njia ya Mpondwe na Kongo. Mwenye mzigo wote katika stoo moja, kwenye barabara moja, ana hatari moja kubwa hata kama stoo hiyo iko mlimani. Kugawa mzigo sehemu mbili, moja kila upande wa jiji, ni tahadhari ya kale ambayo haijapitwa na wakati.

MAANDALIZI YASIYOHITAJI FEDHA NYINGI

Kwa anayebaki Bwaise, kwa sababu wateja wako hapo, kuna mambo ya kufanya kabla ya mvua. Wenyeji huyafanya tayari, na mgeni anaweza kujifunza kwao.

Kabla ya kulipa pango, angalia kuta. Alama ya tope ukutani huonyesha maji yalifika wapi. Uliza majirani wawili au watatu, si mwenye nyumba peke yake. Fuata mtaro ulio karibu hadi unapoingia mtaro mkubwa, uone kama kalavati liko wazi. Angalia kama mlango una kizingiti cha saruji kilichoinuliwa, na kama majirani wa pande zote mbili wanacho, maana aliyebaki bila kizingiti hupokea maji ya wenzake.

Ndani ya stoo, inua mzigo juu ya chaga za mbao zilizowekwa juu ya matofali, zaidi ya ile alama ya tope. Nafaka, sukari, saruji na vifaa vya umeme vikae juu kabisa. Vyombo vya plastiki na masufuria vinaweza kukaa chini. Weka madumu ya maji safi ya kutosha siku tatu na dawa ya kutibu maji. Panga mapema na jirani mwenye ghorofa au ndugu aliye mlimani mahali pa kupeleka watoto usiku.

Nyaraka zina hatari yake. Cheti cha asili ya bidhaa, risiti za forodha na stakabadhi za malipo zikilowa, mzigo uliobaki mkavu unaweza kukwama mpakani. Zipige picha kwa simu, mtumie mtu mwingine unayemwamini, na nakala za karatasi zifungwe kwenye mfuko wa nailoni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Jambo la mwisho ni jirani. Kusafisha mtaro wa mtaa ni kazi ya pamoja, na mgeni anayejitokeza na jembe siku ya usafi huwa wa kwanza kupigiwa simu maji yanapoanza kupanda. Mwachie mwenyekiti wa LC1 na mwenye duka la jirani namba yako ya simu, hasa kama hulali hapo. Stoo iliyofungwa kwa kufuli huku mwenyewe yuko Busia haina wa kuinua gunia hata moja.

Kwa vigezo vyote hivyo, Bwaise inabaki mahali pa kupata riziki mchana. Msimu mkavu ndio wakati wa kuhamisha kinachoweza kuhamishwa, kwa sababu siku ya mvua kila boda boda ina mteja na kila stoo ya mlimani imejaa.